Simu isiyo na waya yaweza kuvuruga mawasiliano ya mtaa mzima

MWENYE duka au ofisi mjini Garsen, Kaunti ya Tana River, akiona intaneti yake ikizorota kila simu ya mezani isiyo na waya inapotumika, asiharakishe kuilaumu kampuni ya mawasiliano. Huenda chanzo kiko juu ya meza yake.

Simu nyingi za zamani za aina hiyo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na ruta za Wi-Fi. Baadhi hurukaruka ndani ya masafa hayo mara nyingi kwa sekunde. Ruta husikiliza kabla ya kutuma. Ikisikia kelele husubiri, na taarifa zikiharibika njiani hulazimika kuzituma upya. Hapo ndipo kasi inaposhuka.

Kubadili chaneli ya ruta hupunguza mvurugano na ruta ya jirani, lakini hakusaidii sana dhidi ya simu inayorukaruka. Afadhali kuvitenganisha vifaa hivyo, au kuhamia gigahezi 5, ingawa mawimbi yake hayapenyi kuta vizuri.

Hata hivyo, tiba nyingine yaweza kuzidi ugonjwa. Simu zilizotengenezewa soko la Marekani, zenye maandishi "DECT 6.0", hutumia megahezi 1920 hadi 1930. Haziisumbui Wi-Fi, lakini nchini Kenya masafa hayo ni sehemu ya yale ambayo simu za mkononi hutumia kupeleka mawimbi kwenye mnara. Kifaa kimoja kilicholetwa kama zawadi kutoka ng'ambo kinaweza kuutia mnara kelele, na majirani wakakosa mawasiliano bila kujua sababu. Simu za DECT za Ulaya hutumia megahezi 1880 hadi 1900, hivyo haziingii katika masafa hayo.

Kwa wakazi wa Tana Delta, jambo hilo si dogo. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, simu ya mkononi ilikuwa njia ya kuomba msaada na kupokea pesa.

Kwa sababu hiyo, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutaka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe kabla ya kuuzwa au kutumiwa nchini. Kabla ya kuchomeka simu kama hiyo kwenye umeme, ni vyema kusoma kibandiko kilicho chini yake.