MCHEZO KATIKA MAFUNZO YA KAZI: FAIDA ZAKE NA MIPAKA YAKE

Si jambo geni kwa mtumishi wa Serikali kuhudhuria semina ya siku tatu, akasikiliza mada tangu asubuhi hadi adhuhuri, akatia saini karatasi ya mahudhurio na ile ya posho, kisha akarudi ofisini kwake na kufanya kazi kama alivyokuwa akiifanya wiki iliyotangulia. Mkufunzi hulaumiwa, na pengine mtumishi naye hulaumiwa, lakini mara nyingi kasoro imo katika namna somo lenyewe lilivyotolewa. Mtu aliyekaa kimya saa nne akisomewa kanuni hakupewa nafasi ya kukosea, na asiyepata kukosea mbele ya mkufunzi wake atakuja kukosea mbele ya mwananchi.

Kwa sababu hiyo taasisi nyingi duniani, za serikali na za biashara, hutumia baadhi ya mambo yapatikanayo katika mchezo ili kuwatia watumishi hamu ya kujifunza. Mambo hayo ni kama alama, ngazi za kupanda, mizunguko, mashindano ya makundi na matukio ya kubuni. Jina la Kiingereza la mbinu hii lilibuniwa mwaka 2002 na Nick Pelling, mtunzi wa programu za kompyuta wa Uingereza, na likaanza kuenea mnamo mwaka 2010. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwasaidia wakuu wa idara, watumishi na wananchi kufahamu mbinu hiyo ni kitu gani, inafaa wapi, na wapi huleta madhara.

Atakaye kulifahamu jambo hili hana haja ya kwenda mbali. Na awatazame watu wanaocheza bao barazani. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na katika hatua ya namua kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Kanuni zinajulikana na wote. Kila kete inapotiwa, matokeo yake huonekana papo hapo, wala hapana anayengoja ripoti ya robo mwaka ili ajue kama amekosea. Akifungwa, kete hupangwa upya na mchezo huanza tena. Watazamaji nao husahihisha, tena kwa sauti. Na ni vyema ikakumbukwa kuwa hakuna anayelipwa posho kwa kukaa kwenye bao mpaka magharibi ikaingia.

Kutumia mchezo kwa mafunzo ya kazi kulianza zamani kabla ya kompyuta. Katika dola ya Prusia, ambayo baadaye ilikuwa sehemu kubwa ya Ujerumani, afisa kijana wa jeshi aitwaye von Reisswitz aliwasilisha mwaka 1824 mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo, dado zilitumika kukadiria bahati ya mapigano, na wachezaji walitoa amri zao kwa maandishi kumpelekea mwamuzi. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali von Müffling, aliupokea kwa ubaridi mwanzoni, lakini alipouona ukichezwa alivutiwa nao na akaupendekeza kwa jeshi zima kuwa ni mafunzo. Katika mambo ya biashara, Chama cha Menejimenti cha Marekani kilitengeneza mwaka 1956 mchezo ambao mameneja waliendesha kampuni za kubuni zinazoshindana, na kompyuta ikawafanyia hesabu ya faida na hasara.

Sababu ya njia hii kufaulu inaeleweka. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi. Baadhi ya wanafunzi walisoma kifungu cha habari kisha wakakisoma tena. Wengine walisoma mara moja kisha wakatakiwa kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribiwa walikumbuka asilimia 56 ya habari ile, na waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42. Mchezo wa maswali na majibu humtaka mtu atoe alichonacho kichwani badala ya kukitazama ukutani, na huko kutoa ndiko kunakokikaza.

Chukuliwe mfano wa masjala, kwa kuwa hakuna ofisi isiyokuwa nayo na malalamiko mengi ya wananchi huanzia hapo. Mwananchi ameleta barua ya maombi ya kiwanja. Anarudi baada ya wiki mbili, anaambiwa jalada halionekani. Mafunzo ya kawaida yangewasomea makarani hatua zote: barua kufunguliwa, kupigwa muhuri wa tarehe, kuandikwa katika daftari, kutiwa katika jalada lake na kupewa nambari ya folio. Wote wangeitikia kuwa wamefahamu.

Kwa njia ya mchezo, makarani 12 hugawiwa makundi ya watu watatu watatu. Kila kundi hupewa barua 30 za kubuni, majalada 10 yenye vichwa vinavyokaribiana, na daftari moja. Miongoni mwa barua hizo imo isiyokuwa na tarehe, imo iliyopaswa kwenda wizara nyengine, zimo mbili za watu wenye majina yanayofanana, na imo moja ya siri iliyochanganywa na za kawaida. Mkufunzi huweka dakika 40. Muda ukimalizika makundi hubadilishana meza, na kila kundi hutakiwa kutafuta katika kazi ya wenzao barua tano zitakazotajwa. Alama hutolewa kwa kundi lililoipanga barua iliyopatikana, na hupunguzwa kwa barua iliyopotea. Barua ya siri ikikutwa katika jalada la wazi, kundi lililoiweka hupoteza alama zote za mzunguko huo.

Uzito wa zoezi hili umo katika kule kubadilishana meza. Karani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiambiwa na wengine kuwa jalada halionekani, sasa ni yeye anayelitafuta, saa inakwenda, na aliyelipoteza amekaa upande wa pili. Mzunguko wa pili hufanywa hapo hapo kwa barua nyengine, ili kosa lisahihishwe lingali bichi. Vifaa vyake ni karatasi, kalamu na saa ya ukutani. Izingatiwe pia kuwa alama hazikutolewa kwa wepesi. Lau zingetolewa kwa kundi la kwanza kumaliza, barua zingesukumwa katika jalada lolote lililo karibu, na masjala ingefunzwa ule ule ugonjwa uliokusudiwa kutibiwa. Kinachohesabiwa ndicho watu watakachokifanya, kwa hiyo mwenye kutunga mchezo hana budi kufikiri sana kabla ya kuamua kitu cha kuhesabu.

Zawadi nazo zinahitaji tahadhari. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci wa Marekani alieleza jaribio ambalo wanafunzi walipewa mafumbo ya vipande vya kupanga katika vikao vitatu. Kundi moja lililipwa dola moja kwa kila fumbo katika kikao cha pili peke yake. Malipo yaliposita katika kikao cha tatu, waliowahi kulipwa waliyachezea mafumbo kwa muda mfupi zaidi walipoachwa peke yao kuliko walivyofanya mwanzoni. Malipo yaliwafundisha kuwa jambo lile lafanywa kwa ajili ya fedha. Wenye kuandaa semina watalielewa hilo bila ya maelezo marefu.

Madhara makubwa zaidi hutokea mchezo unapotoka darasani ukaingia katika kazi yenyewe. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za wafanyakazi wa dobi katika hoteli za Disneyland huko Anaheim, California. Walikuwa wamewekewa skrini zinazoonesha majina yao na kasi ya kila mmoja ikilinganishwa na wenzake. Wafanyakazi wenyewe waliuita utaratibu huo mjeledi wa umeme, na ilielezwa kuwa wapo waliojizuia kwenda chooni ili wasirudi nyuma. Kwa nje ulifanana na ubao wa matokeo wa mchezo wowote, lakini mchezaji wa bao anaweza kuinuka akaenda zake, na mfanyakazi yule hakuweza.

Jambo hilo la hiari lilichunguzwa na Ethan Mollick na Nancy Rothbard wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania katika kampuni moja ya Marekani, ambako wauzaji waliwekewa mchezo wa mfano wa mpira wa kikapu na mauzo yao yakahesabiwa kama magoli. Walioukubali mchezo huo mioyoni mwao waliifurahia kazi zaidi. Wale ambao hawakuukubali waliona furaha yao ya kazi ikipungua.

Katika ofisi za visiwa hivi hapana budi kuongezwa jambo moja ambalo vitabu vya kigeni havilitaji sana. Mzee aliyeitumikia masjala miaka 25, jina lake likaandikwa ubaoni chini ya jina la kijana aliyeajiriwa mwaka jana, hatashindana zaidi. Ataacha kuhudhuria, au atahudhuria na kunyamaza, na ujuzi wake, ambao ndio hasa kijana yule anauhitaji, utabaki naye. Kwa hiyo inafaa alama ziwe za kundi tu, kila kundi liwe na mkongwe na mgeni wa kazi, na matokeo ya mzunguko wa pili yalinganishwe na yale ya kundi hilo hilo katika mzunguko wa kwanza. Asiyependa kucheza apewe uamuzi au utunzaji wa saa, bila ya kuulizwa sababu mbele ya watu.

Mkuu wa idara atakayetaka kuijaribu mbinu hii na aanze na zoezi moja la nusu siku, kwa kosa moja ambalo wananchi hulilalamikia mara kwa mara katika idara yake. Karatasi za alama zibaki kwa mkufunzi hadi zoezi limalizike, kisha zichanwe. Zisitiwe katika jalada binafsi la mtumishi wala zisitumike katika kufikiria upandishwaji wa cheo, na watumishi waelezwe hivyo kabla ya mzunguko wa kwanza kuanza.