BWANA NA BIBI WALIMU UGENINI: SIKU ZETU ZILIPITA NAMNA GANI?

Wanafunzi wapendwa na walimu wenzetu,

Kamati ya gazeti letu ilituletea ulizo lililotoka kwa wanafunzi wa darasa la tano: «Mwalimu na mama, wakati mulikuwa munafundisha inje ya inchi, mulikuwa munaishi namna gani? Mulikuwa munalipwa na nani?» Ulizo ni zuri, tena limekuja kwa wakati wake. Mwaka wa 2025 watu wengi wa bonde la Ruzizi na wa mji wetu wa Uvira walivuka mpaka kwenda Burundi, na kati yao walikuwa walimu na wanafunzi. Kwa hiyo hatutaki kujibu kwa kujisifu. Tunataka kueleza kazi hii ya kufundisha ugenini, bwana na bibi pamoja, kusudi yule atakayeipata kesho asishangae.

1. Sisi si wa kwanza

Katika Biblia tunasoma habari za Akila na Prisila, bwana na bibi. Walitoka Roma juu ya amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho bila kupenda. Walifanya kazi ya kushona hema. Nyuma ya hapo tunawakuta Efeso, wakimchukua Apolo, mutu mwenye elimu nyingi, na kumweleza njia ya Mungu sawasawa. Muangalie vizuri: walikuwa wakimbizi, walijilisha kwa mikono yao, na walifundisha wote wawili.

Hata kwenye ziwa letu jambo hili ni la zamani. Mwingereza mmoja, Edward Hore, baharia wa misioni ya London, alifika Ujiji mwaka wa 1878. Mwanzo wa mwaka wa 1885 bibi yake Annie alimfuata pamoja na mtoto wao mdogo Jack. Mama huyo alibebwa toka pwani katika kiti, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka wa 1886. Walikaa katika kisiwa cha Kavala, upande huu wa magharibi wa ziwa, lakini kusini sana kwetu. Bwana alishughulika na mashua na vipimo vya ziwa, bibi alifundisha wasichana wa kisiwa. Mwaka wa 1888 walirudi kwao, na mtoto wao akafa akingali mdogo. Tunawakumbusha hili juu watu wengi wanahesabu mashua na kusahau mtoto.

Hapa Uvira penyewe, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika mwaka wa 1921. Wakati ule serikali ya Wabeljiki ilisaidia kwa feza masomo ya misioni za Kikatoliki. Waprotestanti walianza kupata msaada huo nyuma ya vita kuu ya pili, mwaka wa 1948. Maana yake, kwa miaka mingi walimu wa Kiprotestanti waliishi kwa zawadi za makanisa ya mbali na kwa viazi vya shamba la misioni. Basi ulizo «nani anawalipa?» halikuanza na sisi.

2. Namna tulivyofika

Sisi tulitoka Uvira mwezi wa kumi, mwaka wa 1996, vita ilipoingia. Tulifuata barabara ya ziwa kwa miguu, Makobola, Mboko, mpaka Baraka, na kule tukapanda mtumbwi wa usiku kwenda Kigoma. Tulikuwa na mtoto mmoja mgongoni, sufuria moja, na diploma zetu mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Watu walitucheka juu ya diploma. Walisema, «Karatasi haipikwe.» Lakini zile karatasi ndizo zilitupatia kazi.

Serikali ya Tanzania iliwapeleka Wakongomani katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 1996. Wengi mule walikuwa watu wa Fizi na wa Uvira. Masomo yaliyofunguliwa yalifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, kusudi mtoto akirudi kwao asianze upya. Hapo ndipo tuliandikwa: bibi katika masomo ya msingi, bwana katika sekondari, kwa hesabu na fizika.

3. Siku moja, toka asubuhi mpaka usiku

Saa kumi na moja ya asubuhi mmoja wetu aliwasha moto, mwingine alichota maji. Hatukugawa kazi kwa kusema hii ni ya mwanamke na hii ni ya mwanaume. Mwanzoni tulijaribu kugawa vile, tukashindwa, juu wote wawili tulipaswa kuwa mbele ya wanafunzi saa moja na nusu. Majirani waliona bwana mwalimu anachota maji, wakaguna. Nyuma ya muda wakazoea.

Darasani kwa bibi waliketi watoto 90, juu ya magogo. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Aliandika somo ubaoni, watoto wakalinakili, na ubao ulipojaa alingoja mpaka wa nyuma kabisa amalize. Siku ya kugawa chakula darasa lilibaki nusu, juu watoto wakubwa walitumwa kusimama kwenye mstari na kubeba unga. Tulijifunza kutofundisha jambo jipya siku ile. Tulirudilia ya zamani, na yule aliyekosa hakuachwa nyuma.

Mchana tulikula ugali wa unga wa mahindi na maharagwe. Watu wa ziwa walikumbuka ndagala mpaka kuota. Nyuma ya chakula bwana alirudi kwa zamu ya pili, bibi alienda kutafuta kuni ao kutembelea wazazi wa wanafunzi.

Usiku kulikuwa na taa moja ya mafuta, na mafungu mawili ya madaftari ya kusahihisha. Taa hii ilituletea ugomvi zaidi ya kitu kingine chochote. Kila mmoja aliona kazi yake ndiyo ya haraka. Ikafika usiku mmoja tukazima taa kwa hasira na kulala bila kusali pamoja. Kesho yake wanafunzi wa wote wawili hawakupata madaftari yao. Tukaona aibu. Toka siku ile tuliweka taa katikati ya meza, tukasahihisha uso kwa uso, hata kama kivuli cha kichwa cha mmoja kiliangukia daftari la mwingine. Ndivyo bwana alianza kujua majina ya watoto wa bibi, na wale watoto walipopanda sekondari aliwajua tayari: nani ana njaa, nani haoni ubaoni.

4. Nani alitulipa?

Tujibu wazi. Mkimbizi hakuandikwa kazi sawa mwenyeji. Tulipata posho ndogo kila mwezi kutoka shirika lililosimamia masomo. Haikuwa mshahara, ilikuwa kitu cha kununua sabuni, chumvi na nguo moja moja. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka wa 1998 ilitaka mkimbizi akae katika eneo aliloonyeshwa, na kutoka kulihitaji ruhusa. Kwa hiyo mwalimu hakuweza kwenda sokoni mbali kufanya biashara ya kujiongezea.

Tulifanya nini? Tulilima mboga kandokando ya nyumba, lengalenga na matembele. Bibi alishona kwa mkono. Posho zote mbili tuliziweka ndani ya kopo moja, na kila mmoja alisema mbele ya mwenzake anachotaka kutoa. Sehemu ya kumi tulitoa kanisani. Wengine walitushauri tupokee kitu kidogo kwa wanafunzi kabla ya kutoa points. Ilikuwa jaribu la kweli, tusidanganye. Siku ingine mzazi alileta kuku, na mtoto wake alikuwa ameanguka katika hesabu. Nyumba yetu haikuwa imeonja nyama toka Pasaka, na mtoto wetu mwenyewe aliona yule kuku kabla yetu. Bwana alirudisha kuku. Mtoto wetu alilia mpaka usiku. Hatuwezi kusema tulifurahi. Lakini tungekula, siku ya pili kungekuja kuku watano, na yule asiye na kuku angefundishwa na nani?

5. Lugha na watoto

Watu wanafikiri Kiswahili ni kimoja, basi hakuna shida. Kumbe! Sisi tunasema masomo, wao wanasema shule. Sisi kinga, wao baiskeli. Sisi ndagala, Kigoma wanasema dagaa. Mkeke wetu kwao ni mgebuka, na ni samaki ule ule wa ziwa lile lile. Wenyeji wa Kasulu wanasema Kiha, na wale wetu waliojua Kirundi walikisikia upesi. Tulishauriana tusicheke lugha ya mutu, na tusione haya ya yetu.

Watoto wetu wawili wa mwisho walizaliwa kule. Tuliporudi Uvira, wenzao waliwacheka ku masomo: «Angalia Mtanzania!» Kule waliitwa Wakongomani, hapa Watanzania. Mmoja alikataa kusema darasani karibu miezi mitatu. Jambo hili hatukulitazamia. Tulikuwa tumefikiri ugeni unaisha siku ya kuvuka mpaka.

6. Kubaki ao kurudi

Mwezi wa kumi, mwaka wa 2005, meli zilianza kurudisha watu kwa mapenzi yao, toka Kigoma mpaka Baraka. Hapo tulikosana kwa kweli. Bwana alitaka meli ya kwanza, juu mama yake alikuwa mzee hapa Mulongwe na alikuwa anamwita. Bibi alikuwa na wasichana saba wa darasa la sita, waliobaki kati ya wale 30 walioanza naye. Wengine walikuwa wameolewa, wengine wamechoka. Alisema, «Nikiondoka sasa, hata hawa saba wataanguka.» Tulisali, lakini kusali hakukuleta jibu mara moja. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza ulizo moja tu: «Kati ya hayo mawili, lipi halingoji?» Bwana alisema mama hangoji. Bibi alisema mtihani haungoji.

Mwishowe bwana alitangulia peke yake, akamwona mama yake, na bibi alibaki mpaka wasichana walipomaliza. Tulikaa mbalimbali karibu mwaka mzima. Watano kati ya wale saba walishinda. Mama wa bwana alifariki kabla bibi na watoto hawajafika. Tukiulizwa leo kama tulichagua vizuri, kila mmoja wetu anajibu polepole, na hatujibu sawasawa.

7. Mambo tunayowaachia

Kwa mwalimu atakayefundisha ugenini na bibi ao bwana wake: kwanza, chunga karatasi zako kuliko nguo. Pili, feza ziwe kopo moja na ziongelewe wazi. Tatu, usikae kama mutu aliye njiani, panda mboga hata kama unafikiri utaondoka kesho. Nne, usijione bwana mkubwa juu ya elimu yako, wala mutu bure juu ya umaskini wako. Tano, usimwachie mwenzako peke yake watoto, maji na moto.

Kwenu wanafunzi tuna ombi moja. Wakirudi wenzenu waliokuwa Burundi ao mahali pengine, wengine watakuja na maneno mapya kinywani, na madaftari ya programu ingine. Musiwacheke. Muwape nafasi kwenye benchi, na jioni muwaonyeshe mlipofika katika masomo. Mtoto wetu aliyenyamaza miezi mitatu alianza kusema siku ambayo mwenzake mmoja alimwazima daftari la jiografia na kumwambia, «Nakili, nitakungoja.»

Mungu awabariki katika mitihani yenu.

Ni sisi walimu wenu, bwana na bibi.