Nafasi ya kwanza Google haiuzwi: maswali ya wenye tovuti Bariadi

Mfanyabiashara wa Bariadi anayefungua tovuti ili auze dengu, choroko, pamba au vyumba vya kulala wageni hukabiliwa mapema na maswali matatu ambayo ni ya fedha kabla ya kuwa ya kompyuta. Kwa nini tovuti aliyoilipia haionekani mtu akitafuta Google? Kwa nini ya mwenzake inatangulia? Na je, amlipe yule anayeahidi kuifikisha namba moja ndani ya wiki mbili?

Jibu la swali la tatu ndilo la kuanza nalo, maana ndilo linalookoa fedha. Google inasema wazi katika maelekezo yake kwa wenye tovuti kwamba haipokei malipo ili kuorodhesha tovuti wala kuipandisha daraja, na kwamba hakuna mtu anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Anayeuza ahadi hiyo anauza bidhaa ambayo hana ghalani.

Kwa Mkoa wa Simiyu suala hili si la anasa. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa pamba. Mazao yake huliwa na kusokotwa mbali. Mnunuzi ambaye hajawahi kusikia jina la Bariadi huanza kwa kuandika maneno machache kwenye simu yake, na takriban asilimia 90 ya utafutaji wa namna hiyo duniani hupitia Google.

Kupokewa na kupangwa daraja

Chanzo kikubwa cha malalamiko ni kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni kuorodheshwa. Injini ya kutafuta hutuma programu, ambazo wataalamu huziita roboti, zinazopita kutoka kiungo hadi kiungo zikisoma kurasa na kuziingiza katika faharasa yake. La pili ni kupangwa. Mtu anapouliza, injini huchagua kutoka katika faharasa hiyo kurasa inazoona zinajibu swali lake, na kuzipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Mkulima wa pamba anaufahamu mgawanyo huu. Kupimiwa mzigo na kuandikwa katika daftari la AMCOS ni jambo moja. Pamba kuhesabiwa Safi au Fifi ni jambo jingine. Mzigo ambao haujaandikwa hauna daraja lolote, hata ukiwa mweupe namna gani. Vivyo hivyo, tovuti isiyo katika faharasa haiko nafasi ya mia wala ya elfu. Haipo kabisa.

Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama. Mwenye tovuti aandike Google neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yake bila kuacha nafasi. Kurasa zikitokea, tovuti imeorodheshwa na tatizo lililobaki ni la daraja. Kisipotokea kitu, tatizo huenda likawa la mlangoni. Uhakika zaidi hupatikana katika huduma ya bure ya Google iitwayo Search Console, ambayo huonyesha kila ukurasa umepokewa au umekataliwa, na kwa sababu gani.

Kwa nini tovuti haionekani

Sababu ya kwanza ni upya. Google inaeleza kuwa ukurasa mpya unaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kabla ya kuingia. Kuwasilisha orodha ya kurasa, yaani saitimapu, kupitia Search Console kunasaidia, lakini kuomba mara kumi kwa siku hakuongezi kasi.

Sababu ya pili ni mlango uliofungwa na fundi mwenyewe. Programu ya WordPress, inayotumiwa na tovuti nyingi ndogo, ina kisanduku kimoja katika mipangilio yake kinachoziomba injini zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi ili kazi isionekane kabla haijakamilika, kisha hukabidhi na kuondoka bila kukifungua. Tovuti inaweza kukaa mwaka mzima hivyo huku mwenyewe akidhani washindani wanamfanyia hila. Pia kuna faili dogo liitwalo robots.txt, utaratibu uliobuniwa mwaka 1994, linaloziambia roboti zisipite wapi. Mstari mmoja uliokosewa humo unaweza kuzizuia roboti zisisome tovuti yote.

Sababu ya tatu ni bidhaa kuwekwa ndani ya picha. Bei, aina ya zao, uzito wa gunia na namba ya simu vikiandikwa kwenye bango lililopigwa picha, binadamu anasoma lakini injini haina uhakika wa kuvisoma. Maneno muhimu yawe maandishi halisi, na picha iwe nyongeza.

Sababu ya nne ni kunakili. Kurasa zenye maelezo yaleyale ya faida za dengu yaliyochukuliwa kwingine huweza kusomwa na bado zisiingizwe, kwa kuwa injini inayo tayari nakala ya asili. Google haiahidi kuorodhesha kila ukurasa inaousoma.

Sababu ya tano ni simu. Oktoba 2023 Google ilitangaza kuwa imekamilisha kazi iliyoianza mwaka 2016 ya kuzipima tovuti kwa sura zinayokuwa nayo kwenye simu ya mkononi badala ya kompyuta. Maelezo yanayoonekana kwenye kompyuta tu na kufichwa kwenye simu yana hatari ya kutohesabiwa.

Neno la mnunuzi

Tovuti ikishapokewa, ndipo ushindani unapoanza, na hapa mfanyabiashara wa Simiyu ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Kulishindania neno moja kama 'pamba' ni kupambana na magazeti, wizara na makampuni ya dunia nzima. Lakini ni nani ameandika ukurasa mzuri kuhusu dengu ya Bariadi, msimu wake, ukubwa wa punje, unyevu, ufungaji na njia ya kuifikisha bandarini Dar es Salaam? Uwanja huo ni mpana na wachezaji ni wachache.

Kosa la kawaida ni kuandika kwa neno la muuzaji badala ya neno la mnunuzi. Dengu kwa mnunuzi wa Mumbai ni 'chana' au 'chickpeas'. Choroko ni 'moong' au 'green gram'. Tovuti yenye neno la Kiswahili pekee haitafikiwa kwa urahisi na anayetafuta kwa Kiingereza, na yenye Kiingereza pekee itamkosa dalali wa Mwanza au Nairobi. Dawa ni kuwa na kurasa mbili zilizo kamili, kila moja kwa lugha yake, badala ya ukurasa mmoja uliochanganya lugha.

Jina la mahali nalo lina historia yake. Kurasa nyingi zilizoandikwa kabla ya mwaka 2012 zinaitaja Bariadi kuwa sehemu ya Shinyanga. Ukurasa unaoeleza kwa sentensi moja kwamba Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ambao sehemu yake kubwa zamani ilikuwa ndani ya Shinyanga, humsaidia msomaji na injini pia.

Umuhimu wa kujipanga mapema unaonekana katika soko la India. Machi 2018 nchi hiyo ilipandisha ushuru wa kawaida wa dengu hadi asilimia 60. Mei 2024 iliuondoa kwa dengu ya aina ya desi, na kuanzia Aprili 1, 2025 ikaweka asilimia 10. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, ina mpango wake wa nafuu, lakini kila badiliko la namna hiyo huwafanya waagizaji wapige upya hesabu za wapi pa kununua. Anayefungua ukurasa siku tangazo linapotoka amechelewa, kwani kuorodheshwa peke yake kunaweza kumaliza wiki kadhaa, na ununuzi wa msimu haumsubiri.

Tahadhari moja: tovuti ni mlango wa mazungumzo, haifuti taratibu. Pale ambapo zao linauzwa kwa stakabadhi za ghala na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, mnunuzi aliyepatikana mtandaoni bado anapitia huko.

Wageni wa Lamadi

Kwa wenye hoteli na nyumba za wageni hesabu ni tofauti. Mji wa Lamadi, wilayani Busega, uko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mgeni aliye njiani hatafuti makala ndefu. Anatafuta kitanda kilicho karibu naye.

Kwa utafutaji wa aina hiyo Google hutumia zaidi orodha yake ya biashara kwenye ramani, ambayo mwenye biashara huijaza bure na kuithibitisha, siku hizi mara nyingi kwa video. Kampuni hiyo hutaja vigezo vitatu: biashara kulingana na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali haubadilishiki. Vilivyobaki hutegemea jina sahihi, aina sahihi ya biashara, saa za kazi, simu inayopokelewa, picha za kweli na maoni ya wageni halisi. Maoni ya kununua ni kinyume cha masharti na huweza kuondolewa.

Wanaouza njia ya mkato

Wauzaji wa ahadi wana mbinu zinazojulikana. Wengine hujaza maneno ya siri katika sehemu ya ukurasa isiyoonekana na msomaji, ingawa Google ilitangaza tangu Septemba 2009 kwamba haitumii lebo ya maneno muhimu kupanga tovuti. Wengine huuza viungo mia kutoka tovuti zisizosomwa na mtu. Viungo vina thamani kweli, kwa kuwa Google iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin ilijengwa juu ya wazo kwamba kiungo ni kama kura. Lakini kura za kununuliwa zimepigwa vita tangu mageuzi yaliyoitwa Penguin, mwaka 2012, na tovuti inayokamatwa inaweza kushushwa. Kiungo kimoja kutoka chama cha ushirika, halmashauri au gazeti lililoandika habari ya kweli kina uzito kuliko rundo hilo.

Kundi jipya huuza makala mamia yaliyotungwa na mashine kwa siku moja. Machi 2024 Google ilitangaza masharti mapya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kupanda daraja, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine.

Tangazo la kulipia ni kitu kingine, na ni halali. Huwekwa alama kwamba limelipiwa, hutokea siku hiyohiyo, na hutoweka fedha zinapokwisha. Linaweza kufaa kwa wiki chache za msimu, lakini halipandishi nafasi ya tovuti katika matokeo ya kawaida. Kwa kazi halali ya kuboresha tovuti, Google yenyewe hutaja kipindi cha miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya kuona faida. Anayelipa kwa mkupuo aombe kwanza aonyeshwe takwimu za Search Console za kabla ya kazi, ili baadaye pawe na cha kulinganisha.

Jina ni mali

Hasara kubwa kuliko zote haitokani na injini. Hutokea pale fundi anaposajili jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe, kisha wakaachana vibaya, au ada ya mwaka isipolipwa. Jina likipotea, viungo vyote na daraja lililojengwa kwa miaka hupotea nalo. Mfanyabiashara ahakikishe kwamba usajili, nywila na akaunti ya Search Console viko kwa jina la biashara, kama hati ya kiwanja.

Bei nazo zihifadhiwe kwa tarehe. Ukurasa unaosema kilo ya pamba ni shilingi 1,200 bila kutaja kwamba ilikuwa bei dira ya msimu wa 2019 humpotosha mteja na kumvunjia muuzaji imani.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji katika biashara inayojivunia kuwa namba moja Google, swali la kuuliza ni: namba moja kwa neno gani? Kuongoza kwa jina la kampuni yenyewe si ushindi, kwani hakuna mwingine anayelitafuta. Aulize wateja wangapi walipiga simu kutokana na tovuti, na mauzo yatakuwaje iwapo Google itabadilisha kanuni zake kesho, jambo inalofanya mara kwa mara. Agosti 2024 jaji wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kuwa kampuni hiyo ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Biashara yenye mlango mmoja tu wa kuingizia wateja, na mlango huo ni wa mtu mwingine, ipunguziwe thamani katika hesabu. Daftari la simu za wanunuzi wa msimu uliopita bado ni mali ambayo hakuna injini inayoweza kuishusha daraja.