Mama, Usione Haya Kuinuka

Siku tulipomsindikiza mama mmoja wa kikundi chetu hapa Dodoma, hapakukosekana kitu. Tulikusanyika kwake tangu jioni. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukaimba, tukamwombea, na mmoja wetu akamkabidhi khanga mbili mpya za kumbebea mjukuu. Binti yake aliyeko Minnesota, Marekani, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama alikuwa anakwenda kumwangalia mzazi. Alfajiri tukampandisha basi la Dar es Salaam. Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2019.

Miongoni mwetu tuliokuwapo usiku ule, watatu tulikuwa wauguzi. Tulimkumbusha pasipoti. Tulimkumbusha sweta. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia neno juu ya miguu yake, juu ya maji ya kunywa, wala juu ya choo cha ndege. Ndiyo maana tunaandika makala hii. Leo akina mama wengi wa huku kwetu wanapanda ndege kwenda kuwaona watoto, kutibiwa India, kununua bidhaa Guangzhou au kuhiji Yerusalemu, na wengi wanaondoka wakiwa wameombewa vizuri lakini hawajafundishwa.

Saa thelathini na moja kitini

Aliporudi tulikaa naye tukahesabu. Basi kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, karibu saa 8. Ndege ya kwanza mpaka nchi za Ghuba, saa 6. Ndege ya pili mpaka Marekani, saa 14. Ndege ya tatu ya kumfikisha kwa bintiye, karibu saa 3. Hizo ni saa 31 za kukaa, bila kuhesabu viti vya kusubiria uwanjani.

"Na uliinuka mara ngapi, mama?" tulimwuliza.

"Mara mbili," alijibu. "Nilipangiwa dirishani. Pembeni yangu walikaa wanaume wawili, wamelala. Mtu mzima kama mimi niwaruke wanaume na khanga yangu? Tena kile choo nilikisikia kinanguruma kila mtu alipotoka. Sikujua mlango wake unafunguliwaje. Nikaona heri niache kunywa maji, nisije nikaaibika."

Hebu tuitazame sentensi hiyo ya mwisho, maana ndani yake mna hatari kubwa. Haya ya mama wa heshima zake ilimfanya afunge maji kwa siku nzima na zaidi, mahali ambapo hewa ni kavu kuliko kiangazi chetu cha Dodoma. Siku ya tano akiwa kwa binti yake, mguu wake wa kushoto ulianza kuuma kwenye kigimbi. Akanyamaza. Siku ya saba ulikuwa umevimba kiasi cha kandambili kukataa kuingia. Binti alipouona alimkimbiza hospitali, wakampima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa. Alitibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Lile donge lingeng'oka na kupanda mapafuni, pengine tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kwa nini damu huganda

Damu hushuka miguuni kwa nguvu ya moyo, lakini ili irudi juu huhitaji msaada wa misuli ya vigimbi. Kila unapopiga hatua, vigimbi huikamua mishipa na kuisukuma damu juu, kama mtu anayepampu maji kisimani. Ukikaa saa nyingi magoti yamekunjwa, pampu hiyo husimama. Damu hutulia, miguu huvimba, na kwa baadhi ya watu damu huanza kuganda.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya jambo hili. Lilieleza kwamba baada ya safari ya zaidi ya saa 4, hatari ya damu kuganda huongezeka karibu mara mbili. Tusitishane: kwa watu wenye afya, hupatwa mmoja hivi kati ya wasafiri 6,000. Lakini hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye unene uliozidi, mjamzito, aliyejifungua karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, aliyefanyiwa upasuaji siku za karibuni, mwenye saratani, na aliyewahi kuganda damu. Tena shirika hilo lilisema wazi kwamba si ndege peke yake. Basi, treni na gari dogo ni vilevile. Kwa hiyo wewe unayesafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Mwanza, makala hii ni yako pia.

Fanya hivi safarini

Usiunganishe basi na ndege siku moja kama unaweza kuepuka. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika nusu ya ule wa basi. Hata hivyo, ni vema kulala usiku mmoja kwa ndugu, uingie ndegeni umepumzika.

Omba kiti cha kando ya njia, si cha dirishani. Anayekukatia tiketi aombe mapema, na ukifika uwanjani uombe tena. Kama miguu ni dhaifu au Kiingereza hukijui, omba pia usaidizi wa kiti cha magurudumu siku mbili au zaidi kabla ya safari. Huduma hiyo si ya walemavu peke yao, nayo itakuongoza katika viwanja vikubwa ambamo hata vijana hupotea. Mwanao akuandikie kikaratasi kwa Kiingereza chenye maneno machache: naomba maji, naomba kupita, natumia dawa hizi.

Vaa gauni pana, viatu vinavyolegea, na uache kufunga khanga kwa nguvu kiunoni. Beba sweta na soksi, maana ndegeni kuna baridi. Soksi maalumu za kubana miguu zinawafaa wengine, lakini lazima upimwe saizi yake.

Kila nusu saa ukiwa macho, inua visigino ukiacha vidole chini, kisha inua vidole ukiacha visigino chini. Rudia mara 20. Zungusha vifundo vya miguu. Kila baada ya saa moja au mbili, inuka utembee hadi mwisho wa ndege na kurudi. Kunywa maji kidogo kidogo, usisubiri kiu. Usinywe vidonge vya usingizi ili ulale safari nzima. Aliyelala kama gogo hainuki. Na usimeze aspirini kwa kuambiwa na jirani. Kama una hatari tuliyoitaja, daktari wako ndiye atakayeamua dawa.

Hewa ya ndegeni ni nyepesi, sawa na ya milima yenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Dodoma yetu iko kwenye mita 1,100 na ushee. Njombe inakaribia 2,000. Mtu mzima wa afya hapati shida. Lakini mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, lazima amwone daktari kwanza. Mjamzito naye aulize: mashirika mengi hudai barua kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 hayamchukui.

Na sasa choo. Mara nyingi mlango wake hukunjwa: usukume katikati, nao utaingia ndani. Ukifunga komeo taa huwaka zaidi, usiogope giza la mwanzo. Ukibonyeza kitufe cha kusafishia, hewa huvuta uchafu kwa kishindo. Kishindo hicho hakina madhara. Funika kwanza, kisha bonyeza. Anayekaa pembeni yako akiwa amelala, mguse begani kwa adabu. Naye ana miguu, kumwamsha ni kumsaidia.

"Mama amechukia nyumba yangu?"

Kabla ya mguu kuvimba, lilitokea jambo lingine lililomtia binti majonzi. Mama aliyemngojea kwa hamu alikuwa akisinzia mezani mchana, chakula kikiwa kinywani. Usiku alikaa macho sebuleni peke yake, kimya. Binti akajiuliza, "Mama amechukia nyumba yangu?" Naye mama alidhani amezeeka ghafla.

Haikuwa chuki wala uzee. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna saa ya mwili, inayoamrisha usingizi, njaa na joto. Saa hiyo huongozwa hasa na mwanga unaoingia machoni. Wanasayansi watatu Wamarekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Mwezi wa Julai, Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 8. Kule inapokuwa saa nane usiku, Dodoma ni saa nne asubuhi, saa ya kupalilia na kwenda sokoni. Kule inapokuwa saa nane mchana, huku ni saa nne usiku. Mwili wa mama ulikuwa bado uko Dodoma.

Saa ya mwili husogea polepole, kadiri ya saa moja kwa siku. Ndiyo maana anayekwenda Yerusalemu au Johannesburg huchoka kwa safari tu, kwani saa za huko hazipishani sana na zetu. Anayekwenda Guangzhou, iliyo mbele yetu kwa saa 5, huvurugika. Kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kuliko magharibi, kwa sababu mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi.

Ukifika magharibi, toka nje jioni upate mwanga wa jua, ujikaze usilale mpaka usiku wa kule. Ukizidiwa mchana, lala dakika 20 au 30 tu, uombe kuamshwa. Kula kwa saa za wenyeji. Chai ya rangi na kahawa ziwe za asubuhi. Siku za kurudi Dodoma ndizo nzito: siku mbili tatu za mwanzo kaa ndani au kivulini asubuhi, toka juani alasiri, kisha kila siku anza kutoka mapema zaidi. Usipange harusi wala zamu ya usiku wiki hiyo.

Hapa tuna neno zito kwa mabibi. Siku tatu nne za mwanzo, usikae peke yako na kichanga kwenye kochi wala kitandani. Usingizi wa namna hii humchukua mtu bila hodi, na mtoto aliyebanwa kifuani pa mlezi aliyelala anaweza kukosa pumzi. Mbebe ukiwa na mwenzio, na ukisikia macho mazito mlaze mtoto chali kitandani pake.

Dawa na dalili

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na barua ya daktari. Insulini usiiweke kamwe kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege, kwani inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Mwenye kisukari aandikiwe na kliniki yake, kabla hajaondoka, atachoma saa ngapi na kiasi gani, maana siku hiyo huwa ndefu au fupi kuliko kawaida. Mwenye vidonge vya presha aulize vivyo hivyo. Na familia inunue bima ya safari. Matibabu ya ughaibuni yanaweza kumaliza nyumba na ng'ombe.

Hata wiki kadhaa baada ya safari, kigimbi kimoja kikivimba, kikiuma au kuwa cha moto kuliko cha pili, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona wekundu, kwenye ngozi zetu hauonekani vema. Kifua kikibana ghafla, pumzi zikikatika au ukikohoa damu, hiyo ni dharura. Useme wazi, "Nimetoka safari ndefu."

Msomaji mpendwa, nabii Eliya alipokuwa na safari iliyozidi nguvu zake, malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mwili ulitunzwa kwanza, ndipo mwendo ukafuata. Siku hizi katika kikundi chetu, mama akitaka kusafiri, tunapanga viti vitatu ukumbini, tunamkalisha kile cha dirishani, naye anajifunza kumwamsha jirani na kupita. Anayeongoza zoezi hilo ni yule mama wa Minnesota. Kila mara mwanafunzi wake anapoanza kucheka kwa haya, humwambia, "Cheka, mama, lakini inuka."