Mawese, Malakiti na Maji: Jinsi Jiwe Zito Linavyoelea Katanga

Tanuri la kwanza la shaba la Lubumbashi, mji ulioko Katanga, lilianza kazi mwaka 1911, na katika miaka ile ya mwanzo lililishwa mawe yenye shaba nyingi, yaliyochaguliwa kwa mikono. Mawe ya namna hiyo yalipopungua, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines iliyoirithi, zililazimika kuitafuta shaba ndani ya mawe hafifu, na nyenzo kuu ya kazi hiyo imekuwa uhusiano wa vitu na maji: vingine huyapokea, vingine huyakataa.

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za hidrojeni, na kwa kuwa oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi, upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa hidrojeni chaji chanya kidogo. Kwa sababu hiyo molekuli jirani hushikana, chanya kwa hasi, na vivyo hivyo hushika chumvi, sukari, kioo safi au mchanga, ambavyo navyo vina sehemu zenye chaji za kushikika. Mafuta na nta, ambavyo chaji zake zimesambaa karibu sawasawa, havina cha kushikwa. Haifai kudhani kwamba mafuta huyafukuza maji; maji ndiyo yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu kubwa zaidi, yakayaacha mafuta kando. Tone la maji hutandaa juu ya kioo kilichosafishwa vizuri, ilhali juu ya bati lililopakwa nta ya mshumaa hujikusanya likawa duara, na wanakemia hupima pembe ya ukingo wake: ikizidi nyuzi 90, uso huo huhesabiwa kuwa unakataa maji.

Malakiti, jiwe la kijani linalojulikana sana Katanga, ni kaboneti ya shaba ambayo karibu asilimia 57 ya uzito wake ni shaba tupu. Kwa asili yake hulowa maji kama inavyolowa kwatzi, jiwe lisilo na faida linaloizunguka, kwa hiyo maji peke yake hayawezi kuzitenganisha. Hapo ndipo mawese yalipoingia katika viwanda vya kuchenjua shaba vya Katanga, kikiwemo cha Kolwezi. Mawese hayo huvunjwa kwanza ili asidi za mafuta zitengane na gliserini. Kila molekuli ya asidi hizo, mfano asidi ya palmitiki yenye atomu 16 za kaboni, ina kichwa kinachoshika shaba kwenye uso wa malakiti na mkia mrefu unaobaki nje, nao mkia huo hauna cha kushikwa na maji. Chembe za malakiti zikishavikwa utando huo hukataa maji, na hewa ikipulizwa ndani ya tangi lenye unga wa mawe na maji, chembe hizo hujibandika kwenye mapovu na kupanda nayo juu, huku kwatzi iliyolowa ikibaki chini.

Jambo la kustaajabisha kweli ni kwamba, ingawa malakiti ina uzito unaokaribia mara 4 ya ule wa maji ya ujazo sawa, na kwatzi mara 2.65 tu, kizito ndicho kinachopanda, kwa sababu ya utando mwembamba usioonekana kwa macho.

Hata hivyo mawese hayafai kila mahali. Katika sehemu nyingi za Katanga shaba imezungukwa na dolomiti, jiwe lenye kalsiamu na magnesi, na vichwa vya asidi za mafuta hushika metali hizo pia, hata jiwe lisilotakiwa likapanda pamoja na shaba. Kwa mawe hayo hutumika njia nyingine: malakiti hutiwa kwanza kemikali yenye salfa, uso wake ukageuka kuwa salfidi ya shaba, kisha huongezwa zanthati, kemikali yenye kichwa cha salfa ambacho hushika shaba na kuiacha dolomiti. Ndiyo maana mchenjuaji huanza kwa kulipima jiwe lililoizunguka shaba kabla hajachagua cha kutia ndani ya tangi.