Kupima Kazi ya Tovuti ya Biashara Mpakani

Tovuti ya biashara hupimwa kwa kazi iliyowekewa. Nyumba ya wageni ya Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, inataka simu za watu wanaoulizia chumba. Wakala wa forodha wa Tunduma anataka wenye mizigo waombe bei. Chama cha wakulima wa kahawa kinataka mnunuzi aulize sampuli. Kazi hiyo iandikwe kwa sentensi moja kabla ya kufungua ripoti yoyote, kwani idadi ya watembeleaji peke yake haimwambii mwenye biashara kama fedha zake zimerudi.

Chombo kinachotumika sana ni Google Analytics, kilichoanza mwaka 2005. Toleo lake la sasa huihesabu ziara kuwa ya maana pale mtu anapokaa zaidi ya sekunde 10, anapofungua kurasa mbili au zaidi, au anapofanya tendo ambalo mwenye tovuti ameliainisha kuwa muhimu. Sekunde 10 ni kipimo chepesi mno: kwenye mtandao dhaifu zinaweza kuisha picha ya kwanza haijafunguka. Ziara za mwenye biashara na za fundi wake nazo huingia humo humo. Kuzichuja kwa anwani ya intaneti hakusaidii sana kwa anayetumia bando la simu, kwa sababu anwani hiyo hubadilikabadilika. Tovuti yenye watembeleaji 40 kwa mwezi inaweza kuonekana imechangamka kumbe wenyewe ndio wanaoifungua.

Safu ya miji katika ripoti za Analytics ndiyo inayopotosha zaidi katika eneo hili la mpakani. Ripoti hukisia mahali alipo mtu kwa anwani ya intaneti, na anwani hiyo hutoka kwenye mitambo mikuu ya kampuni ya simu, wala si kwenye mnara ulio jirani naye. Ndiyo maana mkazi wa Isongole, karibu na mpaka wa Malawi, anaweza kuandikwa kuwa yuko Dar es Salaam. Dereva wa lori aliyelala Tunduma, upande wa Tanzania, akisubiri nyaraka, akiwa na laini ya Zambia, kwa kawaida huhesabiwa kuwa yuko Zambia. Kupanga matangazo kwa kuitegemea safu hiyo ni kupoteza fedha. Daftari la mapokezi lina uhakika zaidi: kila mteja aulizwe alikoipata namba ya simu, na jibu liandikwe papo hapo.

Jinsi watu wanavyoifikia tovuti kutoka Google huonekana kwenye Search Console, ambayo hutunza takwimu za miezi 16. Humo kuna maneno waliyoandika watu, mara ambazo ukurasa ulijitokeza na mara ulizobofywa. Ukurasa unaojitokeza mara nyingi bila kubofywa huenda una kichwa kisichotaja mahali wala huduma. Kichwa “Karibu kwetu” hakimsaidii anayetafuta gesti Ileje. Lakini maneno yanayoandikwa na watu wachache sana hufichwa ili kulinda faragha yao, kwa hiyo tovuti ndogo huona sehemu tu ya maswali ya wateja wake.

Kasi ina viwango vinavyojulikana. Google inataka kipande kikubwa kuliko vyote cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, kwa angalau robo tatu ya ziara. Tovuti yenye watu wachache mara nyingi hupewa makadirio ya maabara tu, yasiyotoka kwenye ziara halisi, kwa hiyo ijaribiwe kwa simu ya bei nafuu, kwa bando, mahali wateja walipo. Picha ya megabaiti 4 iliyopandishwa moja kwa moja kutoka kwenye simu huchukua sekunde 32 kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 150, huchukua sekunde 1.2. Hakuna marekebisho mengine yenye gharama ndogo na faida kubwa kiasi hicho.

Mauzo mengi ya hapa hukamilishwa kwenye WhatsApp, na Analytics haifiki huko. Inaweza kuhesabu aliyebofya kitufe, lakini haijui kama aliandika, sembuse kununua. Dawa yake ni kukipa kiungo cha kitufe ujumbe ulioandaliwa, kwa mfano “Naulizia chumba, nimeona tovuti”. Jumbe zinazoanza hivyo zihesabiwe kila mwisho wa mwezi, kisha zilinganishwe na waliolipa.

Ulinganisho ufuate msimu. Juni ya mnunuzi wa kahawa ipimwe na Juni ya mwaka uliopita. Kuipima na Machi ni kupima mavuno yenyewe. Namba zikiwa ndogo, asilimia ziachwe: kutoka wateja 2 hadi 4 ni ongezeko la asilimia 100, na ni wateja wawili tu.

Majina na namba za simu zinazokusanywa katika kazi hii ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaozikusanya wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wazitumie kwa lengo lililoelezwa tu. Mteja aliyeulizia chumba asiingizwe kwenye orodha ya matangazo bila ridhaa yake.