Wadudu wa Kijito na Habari za Maji

Mtu wa Kipsongo, pembeni mwa mji wa Kitale, ainamapo kijitoni kuteka maji hutazama kwanza kama yanang'aa. Yakiwa meupe huyasifu. Yakiwa na rangi ya udongo huyaacha yatulie mtungini. Kipimo hicho ni cha macho tu, nacho hudanganya mara nyingi, kwa kuwa maji meupe huweza kuwa yamepita kando ya choo saa moja kabla.

Kiko kipimo kingine kisichohitaji mashine. Vyombo vyake ni wavu wa matundu madogo, karai jeupe, na watu wawili walio tayari kulowa. Mmoja hushika wavu mahali maji yaendapo mbio juu ya mawe. Mwenziwe husimama upande wa juu, akayachokora mawe kwa miguu kwa dakika chache, na viumbe waliojificha huchukuliwa na mkondo mpaka wavuni. Kisha humwagwa karaini na kuhesabiwa namna kwa namna.

Akionekana mdudu mwenye mikia mitatu na vitu kama vinyoya mbavuni avutiavyo pumzi, au yule ajengaye nyumba yake kwa chembe za mchanga, ni dalili njema, maana wengi wa jamaa hizo hawavumilii maji yaliyopungukiwa na oksijeni. Wakikosekana, na karai likajaa minyoo na funza wekundu, basi taka zimezidi, na vijidudu vinavyoziozesha vimeimaliza ile hewa. Wekundu wa funza hao hutokana na kitu kile kile kinachoipa damu yetu rangi, nacho huwawezesha kuishi penye hewa haba. Hata hivyo mchunguzi asihukumu kwa karai moja. Hana budi kupima juu na chini ya mahali anapopashuku, tena penye mawe ya namna moja. Udongo ushukao kutoka shamba la mahindi lililolimwa hadi ukingoni huziba nafasi zilizo kati ya mawe, na wadudu huhama hata pasipo taka zozote.

Wako watakaouliza faida ya kuhesabu wadudu. Wakumbuke habari ya usubi, yule inzi mdogo mweusi aliyekuwa akileta upofu katika Nyanza na Kakamega. Mwaka 1946 dawa ya DDT ilitiwa katika mito ya bonde la Kodera, naye akatoweka huko, ingawa hapakuwa na mtu aliyejua watoto wake wanakaa wapi mtoni. Walitafutwa chini ya mawe na juu ya majani wasionekane. Ndipo mwaka 1950 van Someren na McMahon wakatangaza kwamba wamewakuta wameng'ang'ania migongoni mwa kaa wa mtoni. Katika miaka michache iliyofuata usubi wa aina hiyo ulikomeshwa katika Kenya. Ilikuwa kazi kubwa ya kusifiwa, ila DDT haichagui. Iliua wadudu wengine pia, na siku hizi hakuna mtaalamu ambaye angeimwaga mtoni kwa wepesi ule.

Maji ya Kitale hatimaye huingia mto Nzoia, yakapita nchi ya Bungoma na kufika Ziwa Victoria. Kutoka ziwani samaki aitwaye ningu hupanda mto huo wakati wa mvua ili kutaga mayai. Zamani alivuliwa kwa wingi kwa mitego ya miti. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa amepungua sana, na lawama kubwa iliangukia nyavu za kisasa zilizotegwa katika njia yake. Kwa hiyo samaki kukosekana si lazima iwe kosa la maji.

Liko jambo moja ambalo wadudu wa karaini hawawezi kulisema. Viini vya homa ya matumbo na kipindupindu haviwadhuru, hata kijito chenye kila mdudu mwema chaweza kumwua anywaye. Maji ya kunywa na yachemshwe mpaka yatokote. Atakaye kujua zaidi ampelekee bwana afya maji katika chupa iliyochemshwa kwanza, isiyoguswa mdomoni kwa vidole, siku ile ile yalipotekwa, nayo ikae mahali pa baridi njiani.